Chapuchapu na Vigae vya Kilimani

Msimamizi wa wafyekaji aliitwa Chapuchapu, na jina halikumkosea. Alikula akiwa amesimama, alisalimia akiwa ameshapita, na mkewe alisema hata usingizi wake ni wa kukimbizana. Mwaka huo idara ilimpa kilima cha serikali kilichovamiwa na vichaka, akisafishe kabla ya kiangazi, moto usije ukapata njia ya kushukia mjini. Trekta la kufyekea lilishafika. Kilichobaki ni ruhusa ya mtaalamu wa mambo ya kale, ambaye lazima atembee kilima chote kwanza na kufunga utepe mwekundu pasipotakiwa kuguswa.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na alifikia kwake.

"Shemeji, pita tu haraka," Chapuchapu alimwambia asubuhi, kikombe mkononi. "Pale hakuna kitu. Ni miiba na nyoka."

"Nyoka wa kale au wa sasa?"

Mkewe alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Mtaalamu hakupita haraka. Alikwenda na kurudi ameinama, kama mtu aliyedondosha hereni, Chapuchapu nyuma yake akihema. Mwishowe Chapuchapu akaomba wafyekaji waonyeshwe kinachotafutwa, wasaidie, kazi iishe. Wakaonyeshwa kigae cha chungu chenye michirizi. Hapo akawa amejipalia makaa mwenyewe, maana wafyekaji waligundua kwamba kila kinachookotwa kinachelewesha trekta, wakaokota kwa bidii ambayo panga halijawahi kuiona. Wakaleta kipande cha sinki la choo. Wakaleta mguu wa kiti. Mmoja akaleta meno ya bandia, akaapa ni ya mfalme.

"Mfalme gani alivaa plastiki?" mtaalamu akauliza.

"Mwenye uwezo."

Chapuchapu akaondoka kwa hasira, akajikwaa, akaanguka kifudifudi kichakani. Alipoinuka alikuwa ameshika kipande cha bomba la udongo, kimeungua upande mmoja. Mtaalamu akapiga magoti, akafukua taratibu, akapata mabonge meusi, mazito kuliko mawe.

"Shemeji, hapa watu waliyeyusha chuma," akasema kwa sauti ya chini. "Bomba hili lilipitisha upepo wa mivukuto. Ona, aliyelifinyanga kaacha alama ya kidole gumba."

Chapuchapu akaweka gumba lake pale. Likaenea sawasawa. Akabaki amesimama, na wafyekaji wakatazamana; hawakuwahi kumwona akisimama bila sababu.

Tangu siku hiyo akaharibika. Alifunga utepe kila mahali, kilima kikawa kama kimepambwa kwa harusi, na mtaalamu akawa na kazi ya kuufungua.

"Shemeji, huu ni mzizi."

"Una uhakika? Uangalie vizuri."

Nyumbani alipanga mawe mezani, mkewe akayapanga nje.

Mkuu wa idara akaja na hasira zake. Siku hiyo mke naye alikuwa amewaletea chakula. Mkuu akaliangalia trekta, ambalo ndege walishaanza kujengea kiota.

"Wewe si ndiye Chapuchapu? Mbona kazi imelala?"

"Mkuu," Chapuchapu akajibu kwa upole, "haraka haraka haina baraka."

Mkewe akatua sufuria chini, akakaa juu ya jiwe.

Mtaalamu akamwonyesha mkuu lile bomba na yale mabonge, akamweleza. Mkuu akanuna, lakini akakubali: trekta lifyeke kwingine kote, na penye tanuru pasafishwe kwa mikono. Chapuchapu alipasafisha mwenyewe kwa mundu, jani moja moja, akimfukuza kila aliyejitolea kumsaidia.

Mtaalamu alipomaliza, Chapuchapu akamsindikiza kupanda basi. Njiani wakakuta mafundi wa maji wamechimba mtaro. Chapuchapu akawaomba wasimame kidogo, akashuka mtaroni na suruali yake safi, akaanza kukwangua udongo kwa ufunguo wa nyumba.

Basi liliondoka bila abiria wake. Mtaalamu alikaa juu ya begi lake ukingoni mwa mtaro, akampigia simu dada yake aongeze sahani moja.