Magauni Sita Yaliyobana

Magauni sita ya kwaya yalirudishwa asubuhi. Hakuna hata moja lililofungika zipu.

Binti yangu ndiye aliyeyashona. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu afungue chumba chake cha ushonaji, na sasa mwalimu wa kwaya alikuwa mlangoni akisema magauni ishirini yaliyobaki atampa fundi mwingine.

"Ulipima ukiwa usingizini?" nilimuuliza binti yangu, mwalimu akisikia.

"Mama, nilipima mara mbili."

"Basi wanakwaya wote sita wamenenepa ndani ya wiki moja?"

Mwalimu alicheka, akaaga. Binti yangu aliketi akaanza kufumua mishono. Huku akifumua akasema, "Labda kweli nilikosea."

Nilichukua mchoro wa kukatia kitambaa nimwonyeshe kosa lenyewe. Michoro huitengeneza yeye kwenye kompyuta. Mimi huichapa kwa printa ya ofisini kwetu, naye huunganisha karatasi kwa gundi. Nina stashahada ya uhazili na miaka kumi na tisa kazini. Mkono wangu sikuushuku hata kidogo.

Pembeni mwa mchoro palikuwa na mraba wa kuhakikishia kipimo. Alikuwa ameniomba niupime kabla ya kuchapa karatasi zote. Nilimjibu, "Unanifundisha kazi?" Sikupima.

Sasa niliweka rula. Sentimita tisa na nukta nne. Nikafungua kompyuta yake: kwenye kioo, mraba ni kumi kamili.

Nikakumbuka. Siku ya kuchapa, printa ilikuwa inakata mistari ya pembeni, nami nikachagua mchoro wote uenee kwenye karatasi. Mistari ikatoka yote, nikajipongeza. Kumbe printa ilikuwa imepunguza kila kitu. Kiuno cha themanini kikawa sabini na tano.

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshajilaumu mwenyewe, tena kwa maneno yangu.

Nilitoka mbio na mchoro mkononi, nikamkuta mwalimu wa kwaya dukani ng'ambo ya barabara. Nikaweka rula juu ya kaunta, akaangalia mwenyewe.

"Kwa hiyo, Mama Fundi, aliyewanenepesha watu wangu ni wewe?"

"Ni mimi. Mtoto nimemsingizia."

"Mimi unaniambia ya nini? Twende ukamwambie yeye."

Nikamwambia, mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu. Binti yangu alipima mraba, akachapa karatasi moja kwa printa ya jirani bila kupunguza chochote, akapima tena. Kumi.

"Kitambaa kimebaki," alimwambia mwalimu. "Nitaongeza kipande ubavuni."

"Nirekebishie moja nilione. Likikaa vizuri, ishirini ni yako."

Mwalimu akaondoka. Nikasubiri binti yangu aseme lolote, hata anikemee. Akanisogezea gauni la pili na wembe.

"Fumua ubavu huu, Mama. Polepole, usichane kitambaa."

Nikaketi nikafumua. Mishono ilikuwa imenyooka, yote.