Kinyonga wa Njia ya Mchanga

Ng'ombe wa mahari walirudishwa mara mbili na mnyama asiyejaza kiganja.

Mara ya kwanza walifika mpaka mbele ya ua wa minyaa wa Scolastika, kengele zikilia shingoni, na akina mama walikuwa wameshaweka vigelegele kwenye ncha ya ulimi. Mzee Jilala, baba mkubwa wa bwana harusi, ndiye aliyetangulia na fimbo. Ghafla akasimama. Katikati ya njia, juu ya mchanga, kinyonga alikuwa anavuka kwa mwendo wake ule wa kutikisika, mguu unakwenda mbele, unarudi, unafikiri, halafu ndipo unakanyaga. Jilala akainua fimbo juu, na ng'ombe wakageuzwa. Kwenye ukoo wao, mtu anayekwenda kuoa akikatiwa njia na kinyonga hurudi nyumbani, akaja siku nyingine.

Akaja siku nyingine. Kinyonga yuleyule, mahali palepale.

"Mama Paskazia," Jilala alimwambia Scolastika akiwa ng'ambo ya njia, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "mimi sina neno na binti yako. Lakini nikisimamishwa hapa tena, hawa ng'ombe nawapeleka kwingine. Siwezi kubishana na njia."

Nyuma yake, katikati ya pembe za ng'ombe, kijana Ngassa alikuwa amejificha asionekane na wakwe. Lakini macho yake yalionekana, na yalikuwa na majonzi. Alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu huko Geita, na likizo yake ilikuwa inakwisha. Pentekoste ikipita, lazima awe amerudi. Kupata likizo nyingine si jambo la kuomba leo ukapewa kesho. Ulikuwa mwaka ule watoto wa shule walipofundishwa nyimbo za kumshangilia Malkia mpya wa Uingereza, na Paskazia alikuwa ameshakataa wachumba wengine kwa ajili ya macho hayo.

Jirani yao Philomena alikuja kutoa pole, akaitoa kwa namna yake.

"Mwenzangu, mimi nasema ni marehemu mume wako. Hataki mkwe."

"Marehemu?" Scolastika alimjibu bila kuacha kumenya njugu mawe. "Marehemu alikula mbio, akalima mbio, hata rozari aliisali mbio mpaka Padri akamkanya. Leo arudi kwa mwendo ule?"

Philomena akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

Paskazia hakucheka. Alitoka na jembe mkononi, khanga ameifunga kiunoni.

"Namuua, mama. Nammaliza sasa hivi."

"Weka jembe chini."

"Mama, mimi nitazeekea hapa kwa sababu ya mjusi!"

"Si mjusi, na hutazeeka wiki hii. Kakukosea nini? Weka jembe, nikamwangalie kwanza anatafuta nini."

Maana Scolastika alikuwa mtu wa kuangalia. Tangu Serikali iliposimamia kufyekwa kwa mapori yote kuwafukuza mbung'o, yeye alikuwa ameona jinsi viumbe walivyohama. Kobe waliingia mashamba ya njugu. Kenge walishuka lamboni, wakawa wanapanda kuiba mayai ya kuku. Mijusi ya vichwa vyekundu ilibaki kwenye mawe makubwa ya mlimani, inainamisha vichwa na kuviinua kama watu wanaoitikia kila wanachoambiwa. Vinyonga, ambao hawana mahali bila matawi, walikimbilia ua wake wa minyaa, maana ndiyo miti pekee iliyobaki ikishikana huku na huku. Watu walimwambia awafukuze. Yeye aliona nzi wamepungua kwenye zizi la ndama, akawaacha.

Basi alichukua kigoda, ungo wa njugu na rozari, akakaa karibu na njia. Alisali fungu la kwanza, hakuna kitu. Kwenye fungu la pili mnyaa ukatikisika, na bibi kinyonga mwenyewe akaanza kushuka. Alikuwa wa kijani kilichofifia, na vidoa vya manjano ubavuni. Jicho moja lilimtazama Scolastika, la pili lilitazama njia. Tumbo lilimlemea. Na lile tumbo halikuwa laini. Lilikuwa na vinundu vinundu, kama mfuko uliojazwa njugu. Scolastika akatazama njugu kwenye ungo wake, akatazama tena tumbo lile.

"Ee, mama yangu," akasema polepole. "Kumbe wewe."

Kinyonga alijaribu kuchimba kando ya ua, mikono yake miwili ikikwangua. Lakini pale palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao ukiwa na maji hunata na ukikauka huwa tofali. Akaacha. Akaendelea, anayumba, mpaka mchangani. Hapo mikono ikazama.

Na huo mchanga ulitoka wapi? Scolastika aliona aibu, kisha akacheka peke yake. Ni yeye! Yeye na Paskazia waliubeba kwa vikapu kutoka mtoni, wakaumwaga mlangoni pa ua ili wakwe wasiingie nyumbani na matope miguuni. Aliwatandikia wakwe, akapata mgeni mwingine. Na kila mgeni huyo alipofika kuchimba, kundi la ng'ombe lilimtimua.

Alimwita Paskazia walete mchanga mwingine, wamwekee chini ya ua, mbali na njia. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini waliporudi na vikapu vichwani, kinyonga alikuwa ameshaingia shimoni mpaka kiunoni, anatupa mchanga nyuma, katikati ya njia kabisa. Na kutoka upande wa magharibi kengele za ng'ombe zilikuwa zinalia.

"Mama, wanakuja! Mtoe!"

"Nimtoe mzazi katikati ya uchungu? Mimi niliyekuzaa wewe siku mbili?"

"Basi mfunike na kikapu wasimwone."

Scolastika alifikiri. Kikapu kilikuwa mkononi. Lakini kumwingiza mzee wa watu ndani kwa hila, halafu aje ajue? Ndoa ianze kwa kufunikwa kikapu? Akakiweka chini, akafanya ishara ya msalaba, akasimama mbele ya lile shimo, mikono kiunoni.

Jilala alifika, akamwona.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba."

"Mbona umesimama njiani? Usiniambie yupo."

"Yupo."

Fimbo ikaanza kupanda. Nyuma kwenye ng'ombe mtu alikohoa kikohozi cha kukata tamaa.

"Ngoja, baba. Kabla hujaigeuza hiyo mifugo, nikuulize. Kwenu mkienda kuoa, mkakutana njiani na mwanamke mjamzito, mnafanya nini?"

"Ah, huyo!" Jilala alishangaa kuulizwa jambo linalojulikana. "Huyo ni heri. Tunampisha, tunamwamkia, tunamwachia chochote, tunakwenda zetu kwa furaha."

"Basi mpisheni huyu."

Akasogea pembeni. Jilala akainama, fimbo ingali hewani. Kinyonga alikuwa amegeuka, kichwa nje, makalio shimoni. Akavimba, akapanua kinywa chekundu kama kaa la moto, akatoa sauti ya maji yanayomwagikia majivu.

"Ananitukana!"

"Mwanamke mwenye uchungu amewahi kumwacha nani bila kumtukana?"

Wazee waliokuja na Jilala wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha wazi. Jilala hakucheka. Alipiga goti. Alitazama yai la kwanza linavyoshuka, jeupe, dogo kama njugu, kisha la pili. Alikaa pale mpaka ng'ombe wakaanza kula mtama wa Philomena, na Philomena akaanza kupiga kelele.

"Mama Paskazia," alisema mwishowe, "huyu hakuwa ananikatia njia."

"Hakuwa, baba. Wewe ndiye uliyekuwa unamkatia."

Mzee akavuta pumzi. Akafungua kijifuko chake kiunoni, akatoa ushanga mmoja mweupe, akauweka mchangani, mbali kidogo na kile kinywa.

"Mwadila, mayu," akamwambia kinyonga. "Samahani kwa siku zile mbili."

Kisha akasimama, na sauti yake ikarudi kuwa ya mzee. "Ngassa! Toka huko nyuma, tumekuona tangu juzi. Chukua jembe kwa mchumba wako, ufungue mlango mwingine kwenye huu ua. Ng'ombe hawatampita mzazi kichwani."

Paskazia alitoa jembe lilelile, kwa mikono miwili, akitazama chini kama inavyopasa, ila midomo ilikataa kutulia. Scolastika alimfuata Ngassa akimwonya kila tawi: "Angalia utomvu, mwanangu, utakupofusha! Geuza uso! Nani atataka bwana harusi kipofu?"

"Mimi," Paskazia alisema, kisha akaziba mdomo.

Vigelegele, ambavyo vilikuwa vimesubiri muda mrefu, vikatoka vyote kwa mara moja. Ng'ombe waliingia kwa mlango mpya, matope mpaka magotini, wakwe nao matope mpaka magotini, na hakuna aliyejali. Ndoa ilifungwa kabla ya Pentekoste, na Ngassa aliondoka kwenda Geita akiwa na mke.

Siku ile ng'ombe walipoingia, jioni, wageni wakiwa bado wanakula, Jilala alitoka na kipande cha nyama mkononi kwenda kumtazama mama yake wa mchangani. Shimo lilikuwa limeshafukiwa na kukanyagwa vizuri, hata ungepita usingejua. Ushanga ulikuwa juu yake. Kinyonga mwenyewe alikuwa anapanda minyaa, tumbo limekwisha, anatikisika, mguu mbele, mguu nyuma, jicho moja kwa Jilala na la pili kwa ng'ombe.

"Hana hata haraka," alisema Jilala.

"Sasa aende wapi?" Scolastika alimjibu. "Ameshafika."