Mashine ya Duka la Dawa

Mimi ni mvivu, na sioni haya kulisema, maana uvivu wangu ndio ulionipandisha cheo. Kazi yangu ni kufungasha programu kabla hazijapelekwa kwa wateja. Programu haisimami yenyewe. Huegemea vijiprogramu vilivyoandikwa na watu wengine, na kwa kila kimoja lazima utaje toleo la chini kabisa linalokubalika. Ukitaka kulijua kwa haki, unajaribu toleo moja baada ya jingine, ukishuka, mpaka kitu kigome. Ni siku mbili za kuumwa mgongo.

Nikatafuta njia ya mkato. Niliandika amri ambayo, wakati wa kufungasha, inachungulia kompyuta yangu, inaona matoleo yaliyomo, inayaandika hayohayo kuwa ya chini. Sekunde tatu, kazi imekwisha. Bosi alinisifu mbele ya watu. Nilichomficha ni kwamba kompyuta yangu naisasisha kila asubuhi kama wengine wanavyopiga mswaki.

Jumatatu saa tano shangazi akapiga simu. Ana duka la dawa, na daftari lake lote limo kwenye programu yetu. Nilimwekea mwenyewe, kwa mbwembwe nyingi.

"Mtoto wa kaka yangu, programu yako ya zamani imejiondoa na mpya inagoma kuingia. Dawa zangu zimo humo, hazifunguki. Mkaguzi anakuja saa nane. Asipoona orodha iliyochapishwa, anafunga duka."

Nilifika natweta. Kwenye kioo palikuwa na maneno mawili matatu kuhusu kijiprogramu kimojawapo: inahitajika 9.4 au zaidi, iliyopo 6.1. Shangazi alivaa miwani.

"Hii tisa ina nini ambacho sita haina?"

"Sijui, shangazi."

"Programu yako inakitumia hicho kitu?"

"Sidhani."

"Sasa nani kasema inahitajika?"

"Kompyuta yangu."

"Kwa hiyo umewashonea watu wote nguo kwa kipimo chako."

Niliona aibu kweli. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, isingeweza kubeba toleo la tisa hata kwa kubembelezwa. Ndipo nikapata ujanja: nikaivuta programu kutoka ofisini nikaifungasha palepale dukani. Amri yangu ichungulie mashine ya shangazi, ikute sita, iandike sita. Tatizo ni kwamba mashine ile ilikuwa inajikokota, na mkaguzi akafika robo saa kabla ya wakati.

Shangazi hakubabaika. "Karibu, kaa. Mbona unahema hivyo? Lete mkono." Akampima presha. "Imepanda kidogo. Tulia dakika kumi, tutarudia."

Akarudia. Bado ilikuwa imepanda. Mara ya tatu alinitupia jicho la pembeni, nami nikamwonyesha kwa vidole kwamba bado kidogo.

"Vuta pumzi," akasema, na nadhani alikuwa ananiambia mimi.

Hatimaye programu ikaingia, daftari likafunguka, printa ikakohoa. Zikatoka karatasi kumi na moja, kila dawa mahali pake.

"Haya, sasa imeshuka," alisema shangazi, akamfungua mkono. Mkaguzi akapitia karatasi, akasaini, akashukuru kwa huduma nzuri.

Kifurushi kile nilikipeleka ofisini kimyakimya. Kesho yake simu za malalamiko, ambazo kwa mwezi mzima nilikuwa nikisema ni za wateja wasiojua kompyuta, zikakatika. Bosi akauliza nimefanyaje.

"Nimebadilisha mashine ya kufungashia."

"Basi hiyo isiguswe," akasema.

Ndiyo maana sasa programu zote za ofisi yetu hupitia duka la dawa. Shangazi akifunga kwenda kula, sisi wahandisi kumi na wawili tunakaa tunamsubiri. Wiki iliyopita nilipandisha toleo la kijiprogramu kimoja kwa mkono wangu, kwa sababu tu lile jipya lilinipendeza. Mashine yake ikagoma, na simu yangu ikaita hapohapo.

"Nani kasema inahitajika?"

Nikarudisha sita.