Jina Kwenye Aproni

Katika chumba kile cha kushona, mtu hakujichagulia jina, alipewa. Ukitimiza miezi mitatu bila kukimbia wala kuunguza koti la mteja, Mama Pindo alikushonea aproni ya bluu, na kifuani akatarizi kwa uzi mweupe lile jina ambalo watu walikuwa wameshazoea kukuita. Ndivyo mkata vitambaa alivyoitwa Mkasi, naye akajivunia kuliko mtu aliyepewa cheo. Mama Pindo mwenyewe aliitwa hivyo kwa sababu pindo lake halikufumuka hata likifuliwa mara mia.

Alikuwa na miaka kumi na moja ya ujane. Kila asubuhi, kabla hajawasha cherehani, aliinamisha kichwa akawaombea waliomo chumbani, mmoja mmoja. Mkasi alikuwa akimwambia, "Mama, mimi niombee mara mbili, najijua."

Basi miezi mitatu ya mpiga pasi ikatimia.

Huyu mpiga pasi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyehamia na mumewe na watoto wawili kutoka nchi nyingine. Nchi yake ina jina refu, na watu wake nao wanaitwa kwa jina refu vilevile. Ila mjini watu walikuwa wamelikata jina hilo, wakabakiza kipande cha mbele, kama mtu anayemega mkate na kuuacha uliobaki mezani. Wakamwita kwa kipande hicho kila aliyetoka huko, mkubwa kwa mdogo. Chumbani mle pia walimwita hivyohivyo. "Kifupi" chenyewe hatukirudii hapa, maana mwenyewe aliomba kisirudiwe.

Alikuwa na mkono! Koti la daktari likipita kwenye pasi yake, kola ilisimama wima kama askari wa gwaride. Mama Pindo alimpenda. Akakaa jioni tatu akitarizi kile kifupi kwa mshono wa mnyororo, akazungushia na ua dogo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwingine.

Jumatano asubuhi akamkabidhi mbele ya wote. Wakapiga makofi. Mpiga pasi aliipokea kwa mikono miwili, akasoma kifuani.

"Asante sana, mama. Umejisumbua."

Akaikunja vizuri, akaiweka chini ya meza ya pasi, akaendelea na kazi bila aproni.

Alhamisi akaja ameivaa, lakini ndani nje. Maandishi yameangalia kifua chake, na nje zinaonekana nyuzi za nyuma tu, zimevurugika.

"Dada," Mkasi akamwita, "umevaa hivyo ni mtindo mpya au ulivaa gizani?"

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kwa mdomo tu, akatia maji kwenye pasi.

Mama Pindo hakucheka. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao: alikasirika. Jioni tatu zile, macho yenyewe haya ya kuazima kwenye miwani, halafu mtu anakuja kulificha ua! Akajisemea kwamba wageni wengine hawana shukrani. Kisha akatubu palepale, lakini neno lilikuwa limeshapita moyoni.

Saa ya mapumziko mpiga pasi akamfuata kwenye cherehani yake.

"Mama, nilitaka nikuambie wewe kwanza kabla ya bosi. Jumamosi nikimaliza haya makoti ya hospitali, sitarudi tena."

Mama Pindo akaondoa mguu kwenye pedali.

"Umepata kazi kwingine?"

"Sijapata."

"Mwenye nyumba wenu anajua kwamba hujapata?"

Mpiga pasi akacheka kidogo. "Huyo akijua atanifukuza leo."

Hapo mjane akajua kwamba jambo ni zito. Mtu mwenye watoto wawili na chumba cha kupanga haachi kazi hivihivi kama anayevua kiatu. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu. Ni aproni?"

Mpiga pasi akakaa. Akavuta uzi uliotokeza kwenye mkono wa blauzi yake.

"Ni kile kilichoandikwa juu yake, mama."

"Lakini ndivyo tunavyokuita! Ni kifupi tu. Hatukuwa na nia mbaya, Mungu ni shahidi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kuaga vizuri."

Maneno hayo yakamkaa Mama Pindo kifuani kama pini aliyoisahau kwenye nguo. Hakujitetea tena. Na kwa kuwa alijua kusikiliza, mwenzake akasema.

"Mume wangu ni fundi wa mabomba. Mji tuliokaa kabla ya huu, kazini walimwita hivyohivyo, kile kifupi. Walimpenda, mama, nisiseme uongo. Walikula naye, walitania naye. Yeye akazoea. Mimi nikimwambia, 'Hilo siyo jina letu, ni nusu yake,' ananijibu, 'Acha, wanafupisha tu, ulimi wao unachoka.'"

"Enhe."

"Halafu kukawa na ile wiki mbaya. Watu wakaanza kusema tumejaa sana, turudi kwetu. Wakapita mitaani wakiandika kwenye milango yetu kwa chokaa. Waliandika kifupi. Milango ilikuwa mingi na chokaa kidogo." Akapumua. "Jioni ile wakaja uani kwetu wakaita. Kwa kifupi kilekile. Tena kwa sauti ya kawaida, siyo ya ugomvi. Mume wangu akadhani ni wenzake wa kazini. Akaitika. Akatoka."

Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya mapumziko. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Yuko hai, namshukuru Mungu. Ila sikio la kushoto halisikii tena."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Aliitika kwa sababu alizoea kuitika. Basi mimi nimekataa kuzoea. Hapa mmeniita miezi mitatu, nikawa najiambia ni mdomo tu, utapita. Lakini juzi, Mkasi aliponiita, nikajikuta nimesema 'Abee' kabla sijafikiri. Nikaogopa, mama. Na kesho yake wewe ukanivalisha kifuani."

Mama Pindo alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba Mkasi anaitwa Mkasi na hanuni, kwamba yeye mwenyewe ni Pindo. Akaona tofauti kabla hajafungua mdomo. Mkasi ni jina la mtu mmoja na mkono wake. Hili lilikuwa jina la kila mtu wa kule kwa pamoja, limekatwa na watu ambao hawakuona sababu ya kupoteza pumzi kulimaliza.

"Nipe hiyo aproni," akasema.

Akachukua wembe. Akafumua mshono wa mnyororo, herufi kwa herufi, na ua pia. Mpiga pasi akamwambia ua aliache, yeye akasema ua lilikuwa la kupamba kosa. Alipomaliza, kitambaa kilibaki na vitundu vya sindano. Akavisugua kwa ukucha, vikapungua, havikuisha.

"Niandike nini?"

"Usiandike kitu kwanza."

"Na Jumamosi?"

"Sijui, mama."

Hakumsihi. Alijua kumsihi kungekuwa kumtwika mzigo mwingine.

Mkasi aliporudi, akaambiwa kwamba kuanzia saa ile kile kifupi hakitamkwi chumbani.

"Kwa nini? Amekuambia nini?"

"Ameniambia mimi. Wewe hukuambiwa, basi tii."

"Sasa tumwite nani? Mimi hata hilo jina lao refu silijui lote!"

"Umekaa naye miezi mitatu, baba."

Mkasi akakuna kichwa. Akarudi kwenye vitambaa vyake akikata polepole kuliko kawaida.

Jumamosi saa nne akaja msimamizi wa vifaa wa hospitali kuchukua makoti. Mteja mkubwa, mwenye tumbo la kutangulia na sauti inayosikika tangu mlangoni. Bosi hakuwepo. Msimamizi akapekua koti la kwanza, la pili, akapendezwa.

"Safi! Yuko wapi yule..." na akakitamka, kwa furaha kabisa, "...aje nimpongeze!"

Mpiga pasi alikuwa hatua nne tu kutoka kwake, mgongo umemgeukia, pasi mkononi. Hakugeuka. Pasi nayo haikusogea, na harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ikaanza kupanda.

Mama Pindo akasimama. Magoti yake yalilia.

"Bwana, hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Si huyo hapo! Mimi siku zote namwita hivyo."

"Na sisi tulikuwa tunamwita. Tumeacha. Tunakuomba na wewe uache."

"Mama, ni utani tu."

"Utani huchekwa na wote wawili, bwana. Mwangalie kama anacheka."

Msimamizi akamtazama Mama Pindo, akayatazama makoti. Uso ukamwiva. "Nitaongea na bosi wenu," akasema. "Wako mafundi wengine mji huu."

"Wako," Mama Pindo akajibu, ingawa alijua bosi atakavyopokea habari hiyo.

Ndipo Mkasi akaweka chini kitambaa, akaja akabeba mafurushi mawili. "Nikupakilie, mzee. Ni yeye aliyeyapiga pasi, hayo. Ni ..." Na akalisema jina la watu wa kule, zima, mpaka mwisho, akilipanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Silabi moja aliikosea, akarudi nyuma, akaishika tena.

Msimamizi akageuka. Akatangulia kwenye gari.

Mpiga pasi akainua pasi. Lile koti lilikuwa limebaki na alama ya manjano kwenye mfuko. Akalitazama, akafuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Nimeliunguza, mama."

"Tutabadilisha mfuko. Lete."

Wakafanya kazi mpaka saa ya kufunga. Mama Pindo hakuuliza kitu, ila mara mbili alikosea kutunga uzi. Watu wakaanza kutoka. Mpiga pasi akachomoa waya wa pasi, akauzungusha kwenye mshikio, akaenda mpaka mlangoni, akasimama.

"Jumatatu nitachelewa kidogo, mama. Nampeleka mdogo shuleni, ndiyo siku yake ya kwanza."

"Chelewa, mwanangu," Mama Pindo akasema, akaendelea kupangusa cherehani iliyokuwa safi tangu zamani.