Gundi Bado Mbichi

...na hilo koti angelitandika tu, gogo lingekuwa kavu, lingekuwa bichi, koti ni la kukalia, mtu akichoka anakaa, kuna ubaya gani, alijiambia Nasser, na Hippolyte alikuwa amekwisha kukaa juu yake, baiskeli kaipindua chini juu kwenye majani, gurudumu la nyuma kalitoa, mpira wa ndani kaulaza mapajani anausugua na kipande cha msasa taratibu, taratibu mno, na mto unapita pale chini ya miti na maji yake ya rangi ya chai, na Nasser amesimama na simu mfukoni, simu isiyo na mtandao huku bondeni lakini ina uzito, Mola wangu, ina uzito wa jiwe la kusagia, kwa sababu kule juu kilimani, kabla njia haijaingia msituni, mtandao ulikuwepo na Annick, mke wa Hippolyte, akapiga. "Shemeji, Hippolyte iko karibu na wewe?" Akasema hapana, akajisogeza nyuma ya mti kama mtu anayekwenda haja. "Mama yake amekufa leo asubui, kule Goma. Usimuambie kitu, shemeji. Umulete tu polepole, akule kwanza, wazee ya kanisa ndio watamuambia." Akakata, na nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanaburuta viti. Polepole, anasema, kana kwamba magoti haya yanajua mwendo mwingine, magoti ya mwenye duka, saa hizi yangekuwa Nateete, Kampala, nyuma ya kaunta akiuza minyororo na spoki, lakini daktari alisema sukari imepanda, Mzee Nasser, tembea, na huyu Mkongo, mchomeleaji wa Katwe aliyekuja dukani kununua spoki akageuka ndugu, akasema kutembea ni kwa wazee, wewe njoo, Jumamosi tunatoka Ntinda kabla magari hayajaamka, tunashika njia za changarawe mpaka bondeni, hakuna lori, hakuna boda, ni ndege na nyani tu, akamuundia baiskeli kwa mikono yake, tairi nene kidogo, usukani umepinda kama pembe za kondoo, na tangu siku hiyo Nasser anajikokota nyuma yake kila Jumamosi akilaani kimoyomoyo, akirudi analala kama gunia na Zubaida mkewe anamcheka, halafu wiki ikifika katikati anaanza kuitamani tena njia yenyewe, binadamu bwana... "Mama angeona huu muto," Hippolyte alikuwa anasema, na Nasser akashtuka, "angesema tufulie apa nguo zote, na blanketi." Nasser akacheka, kicheko kikatoka kikavu, akakohoa kukifunika. "Ee. Angesema." Angesema, Nasser, unasikia ulimi wako, angesema.

Mwambie. Fungua kinywa sasa hivi, hapa, hakuna mtu, useme ndugu yangu, mama ametangulia, maneno manne tu, si wewe uliyeapa, tena uliapa mbele ya kaburi bichi la baba yako, kwamba hutamfanyia mtu yeyote hivi walivyokufanyia wewe... miaka ile baada ya vita, vizuizi vya barabarani vimeanza kupungua, yeye kijana wa bweni, na Ami Uthman, ndugu wa baba yake, akaja shuleni na pikapu ya kuazima, kanzu imepigwa pasi, akamwambia mwalimu mtoto anahitajika nyumbani, baba yake hajisikii vizuri, kidogo tu, na badala ya kwenda moja kwa moja wakasimama hotelini, Ami aliyekuwa akihesabu hata sukari ya chai ya wageni akaagiza kuku, kuku mzima, na chipsi, na soda mbili, kula baba, kula, na yeye akala, akalamba vidole, akasema Ami niongezee chipsi, akaongezewa, akala akicheka, mpaka walipokata kona ya nyumbani akaona turubai, na viatu mlangoni, viatu, viatu, na mafuta ya kuku bado mdomoni. Hakumsamehe. Ami Uthman amekufa na yeye hakumsamehe, alikwenda maziko akashika jeneza kama wengine na moyoni anasema wewe ulinilisha kuku baba yangu akiwa kwenye sanda. Na leo yeye ndiye Ami Uthman. Leo yeye ndiye pikapu. "Nimemuchomelea kitanda, nilikuambia?" Hippolyte alikuwa anapuliza vumbi la msasa kwenye mpira. "Kifupi, hivi, juu ya miguu yake inamuuma, asipande. Mwezi wa kumi na mbili atakuja, atalala kama malkia." Aliambiwa, ndiyo, kitanda amekiona kabisa, cha bomba nyeusi, kimesimama nyuma ya pazia sebuleni na godoro lake bado lina nailoni, na saa hizi lazima wamekwisha kukitoa nje, mahali pa kitanda ndipo watakapokaa waombolezaji, atakapofika mlangoni atakiona uani kabla hajaona mtu, kitanda ndicho kitakachomwambia, sio wazee wa kanisa... basi mwambie wewe kwanza. Lakini umwambie, halafu? Vilima vyote vile vya kurudi, mtu ana msiba kifuani na mguu kwenye pedali, akianguka je, akikaa chini akakataa kuinuka je, wewe na magoti yako utambeba, na nani kakupa ruhusa, habari ya kifo ina wenyewe, ina mkeka wake na watu wake wa kushika mikono, haitupwi porini kama ganda la ndizi, Annick hakukosea, wala Ami... hapana, Ami alikosea. Kuku alikuwa wa nini? Amechoka. Subhanallah, amechoka mpaka kope.

Hippolyte alifungua tyubu ya gundi, akapaka, akaeneza kwa kidole, akaupuliza mpira kidogo, akaulaza juu ya goti. "Sasa tunangoja ikauke, ndio tubandike," akasema. "Gundi ya Kampala inakauka wakati yenyewe inapenda." Na Nasser akasema ee, na hapo kitu kikamchoma, ee ya nini, Jumamosi zote angekwisha kumjibu kwamba hata Kiswahili chenu cha Goma hukauka kinapopenda, ndio mchezo wao, yeye babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, Kiswahili ni urithi, na Hippolyte humwambia urithi gani, wewe ni Muganda mwenye kanzu, hivyo ndivyo wanavyopanda vilima, kwa kutukanana, na tangu simu ile Nasser hajamtania hata neno moja, amemwachia chupa ya maji anywe wa kwanza, amesema nipe mkoba wako nikubebee, yeye, anayehema kama ng'ombe, ambebee mtu mkoba... na Hippolyte akampa. Hakubisha. Akampa mkoba, na mkobani mna mpira mpya, Nasser mwenyewe alimpa wiki iliyopita, Hippolyte hutoa uliotoboka akatia mpya mtu hajamaliza kujikuna, viraka ni vya nyumbani, husema, njia haingojei kiraka. Leo anabandika kiraka. Na pale kilimani Nasser alipotoka nyuma ya mti Hippolyte hakuuliza ni nani, yeye ambaye kila simu lazima aulize, ni mke mukubwa ao ni mudogo, leo aliangalia tu, akainamisha kichwa akifunga kofia, kisha akateremka akishika breki njia nzima, breki zikilia, mtu aliyekulia kwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, akishuka nao milimani umejaa kabeji na breki yake ni kandambili, mtu ambaye hajawahi kuogopa mteremko tangu azaliwe. Si mteremko aliokuwa akiuogopa leo. Na gogo... ee Mungu, gogo. Siku moja dukani, mvua inanyesha, wanakunywa chai, Hippolyte alisema, sisi kwetu na vita vyetu hatuogopi simu, Nasser, tunaogopa wema, jirani asiyekusalimia akikuletea kiti na haukumuomba kiti, ujue kuna mutu amekufa, na wakacheka, wakacheka sana, na leo yeye Nasser amevua koti lake jipya akalitandika juu ya gogo akasema kaa hapa ndugu yangu, hapa pasafi.

Anajua. Anajua tangu juu. Si jina labda, labda hajui ni nani, au anajua, anataja mama, mama, mama, hajataja mtu mwingine tangu waingie msituni, anamtaja kama mtu anayepuliza moto usizimike, na haulizi, kwa sababu asipouliza, mama bado yuko Goma na miguu inamuuma na mwezi wa kumi na mbili anakuja. Nasser aliusikia mto. Aliusikia kama ndio unaanza kupita sasa. Na mezani pale hotelini, miaka yote hiyo nyuma, kijana wa bweni anaona Ami anammiminia soda, Ami ambaye hajawahi kummiminia mtu soda, na kijana anasema Ami niongezee chipsi... hakuwa na njaa. Wallahi hakuwa na njaa, tumbo lilikuwa limejaa mpaka kooni, alitaka sahani nyingine kwa sababu sahani ikiisha wangeinuka. Naye Ami akaita mhudumu, akaagiza, akalipa, akakaa akimtazama anavyokula polepole. Ami Uthman, maskini, nilikuchukia bure. Machozi yalimjia akayarudisha, si yake leo, leo si zamu yake.

"Imekauka?" Hippolyte aliuliza. Hakuugusa mpira, aliunyoosha tu kuelekea kwa Nasser, macho yako mtoni. Nasser aliinama, magoti yakalia, akaweka kidole juu ya gundi, ilikuwa kavu, ilikuwa imekauka zamani.

"Bado," alisema. "Bado mbichi."

"Basi tungoje," alisema Hippolyte, akajisogeza pembeni kwenye gogo, akamwachia nusu ya koti.