Pepeo za Mkono wa Kushoto

Ozella Crume hakuwa akiuza mifarishi yake, yale mablanketi ya viraka. Hilo liwekwe wazi mapema, maana watu weupe wa Kaunti ya Tallis, kule Alabama, lilikuwa haliwaingii kichwani. Siku tano za wiki alipika katika jiko la shule, masufuria ya maharage na masinia ya mkate wa mahindi, msimamizi akimpumulia shingoni. Jumamosi ilikuwa yake. Asubuhi aliteremsha fremu ya mbao iliyoning'inia kwa kamba kwenye dari ya sebule, akatandika kitambaa cha chini, akatandaza pamba, akafunika kwa viraka alivyounga mwenyewe, kisha wenzake wawili wakavuta viti. Walishona kwa sababu walipenda kushona. Kama kuna sababu nyingine inayotakiwa, hawakuwa nayo.

Jumamosi moja ya Aprili, mwaka 1982, mlango wa mbele ulifunguliwa bila hodi.

"Ozella, mpenzi! Najua hamtajali."

Alikuwa Lenora, mzaliwa wa akina Haskew, ambaye mumewe alikalia kiti katika bodi ya shule. Ozella alikuwa na miaka hamsini na minne, Lenora hata arobaini hajafika, lakini katika kaunti ile umri wa mtu mweusi haukuhesabiwa kwenye maamkizi.

"Karibu, Bi Lenora," alisema Ozella, bila kuinuka.

Lenora alitoa kitu kwenye foronya, akakikunjua juu ya fremu, juu ya kazi yao wenyewe. Ulikuwa mfarishi wa nyota, buluu na nyekundu juu ya nyeupe, pindo lake limechanika pande zote nne.

"Tunautundika mahakamani baada ya wiki mbili, kwenye sherehe za miaka mia ya kaunti. Kadi imeshachapwa: Kazi ya mikono ya Bi Adelaide Haskew, 1936. Bibi yangu huyo, mama yake baba. Pindo tu ndilo limekufa, na kila mtu anasema hakuna anayeshona pindo kama wewe."

Ozella aliweka kiganja juu ya nyota moja. Lutricia, jirani yake mwenye ulimi mkali, alimtazama na kuacha kutafuna karanga.

"Uache," alisema Ozella hatimaye. "Njoo Jumamosi."

Gari lilipoondoka, Lutricia alisema, "Bibi wee, umeona jini?"

"Nimemwona mama."

Akawaeleza. Alikuwa na miaka minane, kazi yake ni kukaa sakafuni chini ya fremu na kutia uzi sindanoni, na kutoka kule chini aliona ncha ya sindano ikichungulia na kurudi, ikichungulia na kurudi, majira yote ya baridi. Mama yake, Arzula Teel, mchana alifua na kupika kwa akina Haskew, jioni alishona nyota zile kwa vitambaa alivyopewa na Bi Adelaide. Maonyesho ya kaunti yalipofika, siku ya watu weusi kuingia ilikuwa Alhamisi, na mifarishi ilihukumiwa Jumamosi. Kwa hiyo Arzula aliubeba mfarishi hadi langoni, akaukabidhi, akarudi kwa miguu. Bi Adelaide alipata utepe wa buluu na picha gazetini. Arzula alipewa kofia kuukuu yenye manyoya.

"Kofia!" Lutricia alipiga paja. "Yesu na Maria, kofia!"

"Aliitumia kukusanyia mayai."

Dovie Mae, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na mwenye kusali kuliko wote, alivua miwani. "Una hakika, dada? Mifarishi ya nyota iko mingi."

"Tazama mishono, achana na nyota."

Mfarishi mzima ulikuwa umeshonwa kwa pinde, upinde ndani ya upinde, kama zile pepeo za mkononi za kanisani. Kila mshonaji wa pale alijua zinavyochorwa: unaweka kiwiko juu ya kitambaa, unashika chaki, unazungusha mkono. Kiwiko ndicho bikari yako. Kwa mifarishi yote waliyowahi kuiona, pepeo zilielekea kulia. Za huu zilielekea kushoto zote, mstari kwa mstari.

"Mama alikuwa na mashoto," alisema Ozella. "Shuleni walimfunga mkono kwa kamba ili auache. Hakuuacha."

Dovie Mae alivaa miwani tena, akafuata upinde mmoja kwa kidole mpaka mwisho. Hakuuliza tena.

Sasa kulikuwa na jambo la kuamua, na Ozella alijua uzito wake. Kadi ikibandikwa mahakamani, ndiyo itakuwa kweli ya kaunti kwa miaka mia mingine. Akifungua mdomo, mume wa Lenora alikuwa na kalamu ya kumfuta kazi kabla ya chakula cha mchana.

"Mimi nakwambia hivi," alisema Dovie Mae. "Liandike jina la mama yako kwenye kitambaa kidogo, ulishone ndani ya pindo. Hakuna atakayeliona. Mungu ataliona."

"Mungu anajua tayari, Dovie Mae. Wasiojua ndio wanaokuja mahakamani."

"Na kazi je?"

"Mama alificha. Bibi alificha. Tumeshona majina yetu ndani ya kila pindo la kaunti hii, mpaka wajukuu zao wanadhani nguo zinajishona zenyewe." Alivuta uzi ukakatika. "Nipe ule uzi mwekundu."

Wiki nzima, akitoka jikoni, aliketi kibarazani kungali na jua. Pindo alilitengeneza kwa heshima zote, kitambaa kilichokatwa mshazari ili kisivutike, pembe zimekunjwa zikakaa kali kama bahasha. Hakuna mtu angeweza kusema aliharibu kazi aliyopewa. Halafu akageukia upande wa mbele, kwenye nafasi nyeupe chini ya nyota, akashona herufi zenye urefu wa kiganja. Hakuzitarizi juujuu. Kila mshono ulipita tabaka zote tatu na kutokea nyuma.

ARZULA TEEL ALIUSHONA. 1936.

Jumamosi Lenora aliingia vilevile, bila hodi. Alitabasamu hadi macho yalipofika chini.

"Hii ni nini?"

"Jina."

"Nilikuletea pindo, Ozella. Pindo tu!"

"Pindo nimeshona. Jina nimekupa bure."

Lutricia alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Lenora alikuwa amewiva usoni. "Arzula alikuwa mpishi wetu. Tulimpenda. Alikuwa kama mtu wa nyumbani."

"Mtu wa nyumbani aliyekula amesimama. Bibi yako alishika kalamu kwa mkono gani?"

"Wa kulia, kama kila mtu. Inahusu nini?"

"Lutricia, mwonyeshe."

Lutricia aliweka kiwiko cha kulia kwenye kitambaa kilichokuwa katika fremu, akazungusha chaki. Upinde wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ozella akaulaza mfarishi wa nyota kando yake. Chaki ilielekea huku, mishono ilielekea kule, na hata mtu asiyewahi kushika sindano angeona. Lenora aliona. Alitazama muda mrefu kuliko walivyotarajia, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefikiri.

Kisha uso ule ukafungwa tena, kama dirisha.

"Fumua."

"Hapana."

"Nitamweleza mume wangu. Unajua yuko kwenye bodi."

"Najua. Mwambie ni Bi Crume wa jiko la shule. Mwambie Bi Crume, si Ozella, asije akamfukuza mtu mwingine."

"Ozella, nakuomba," alisema Dovie Mae kwa sauti ya chini.

Ozella alichukua mkasi, akauweka juu ya mfarishi, mbele ya Lenora. "Mfarishi ni wako, sheria inasema hivyo. Kata. Lakini kata wewe, kwa mkono wako, na sisi tukitazama."

Lenora aliushika mkasi. Aliinamia herufi ya kwanza, akaingiza ncha, akasita. Hakujua aanzie wapi. Uzi mwekundu ulikuwa umesokotana na ule mweupe wa zamani, na kila alipoinua mmoja, upinde wa Arzula uliinuka nao. Ungeondoa jina, ungeng'oa na mshono wa Arzula. Alijaribu tena. Nyuzi mbili za kitambaa zikalia *tat*, akaruka kama aliyeungua.

"Mbaya wewe," alisema. Machozi yalimlenga, ya hasira au ya kitu kingine, Ozella hakujali kuyachambua. Aliukunja mfarishi vibaya, akausokomeza kwenye foronya, akatoka.

Kazi ya Ozella jikoni haikuguswa. Labda kwa sababu kumfukuza kungedai sababu iandikwe, na hakuna mtu wa bodi aliyetaka kuiandika.

Siku ya sherehe Ozella alivaa gauni lake la Pasaka, akaenda mahakamani na wenzake wawili. Ndani kulikuwa na majembe ya kale, panga za askari, picha za majaji wenye ndevu. Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na misumari miwili mikubwa na nafasi tupu katikati yake. Kadi walikuwa wameitoa pia. Gundi tu ilibaki.

"Wameuficha," alisema Dovie Mae. "Basi tumeshindwa."

"Wameshindwa kuandika lile jina lao," alisema Ozella. "Hiyo ni mara ya kwanza."

Alitafuta kiti, akakivuta mpaka chini ya misumari. Kila aliyesimama kushangaa nafasi ile aliambiwa: hapa pangekuwa na mfarishi wa nyota, ulishonwa na Arzula Teel, mfua nguo, mama yangu, na utepe wa buluu ulikuwa wake. Wengine waliondoka haraka. Mwanamke mmoja mweupe mwenye kofia ya majani aliuliza jina linaandikwaje, akaliandika nyuma ya ratiba yake. Familia nzima ya weusi kutoka ng'ambo ya mto ilisimama, na bibi yao akasema mama yake naye alishonea watu, akataja jina, na Ozella akamwambia alitaje tena, kwa sauti.

Saa nane mlinzi alikuja, kofia mkononi. "Mama, huwezi kukaa hapa. Hapa hapana kitu cha kuona."

"Ndiyo maana nimekaa," alisema Ozella. "Mletee mwenzangu kiti naye, miguu inamuuma."