Dhambi ya Topista

Topista wa Mafubira hakumsalimu mtu kwa habari za asubuhi. Alimuuliza kama ameokoka. Uwe na ndoo kichwani au jino linakuuma, hilo halikumhusu: umeokoka? Mimi Wilkista, Mkenya wa Bungoma niliyewauzia chapati wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, nilimjibu kila siku kwamba bado, nina unga wa kukanda.

Siku moja niliishiwa chumvi, nikamwomba aniokoe na kijiko kimoja tu. Alinipa chumvi, na mahubiri juu yake. Chumvi haiokoi, alisema, wala jirani haokoi. Neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbinguni. Nilirudi jikoni nimenuna. Kwetu neno hilo ni la kila siku. Mtu huokoa maziwa yasimwagike, huokoa kifaranga asinyakuliwe na mwewe.

Lakini kilichonitisha zaidi ni desturi ya walokole wenzake. Kila Jumapili mchana walikutana sebuleni kwake, na aliyetenda dhambi alisimama akaitaja kwa jina mbele ya wote. Hata aliyemtukana mbuzi alisimama.

Julai ya mwaka wa sabini na sita redio ya serikali ilianza kutushutumu Wakenya, na watu wakaanza kuchukuliwa. Ouma, fundi baiskeli wa karibu nasi, alichukuliwa Jumatatu. Jumanne Topista alinishika mkono, akaniingiza katika chumba chake cha mihogo mikavu, akanipanga nyuma ya magunia kama gunia jingine. Masaba, dereva wa lori, angepita Jumatatu iliyofuata kunipeleka Mbale. Kutoka huko ningevuka mpaka kwa miguu, na kwa kuwa Kibukusu changu na Kigisu cha huko ni ndugu, njiani nisingeshukiwa.

Alhamisi wanajeshi walikuja.

"Mama, hapa iko Mkenya?"

Nikajua nimekwisha, maana mwanamke yule hakuwahi kumdanganya hata mtoto.

"Hapana iko, afande," alisema. "Ule alienda kwao wiki jana."

Wakaondoka. Sikufurahi hata kidogo. Nilichofikiria ni Jumapili.

Jumamosi nilimsihi atubu kimoyomoyo, au angoje mpaka niwe Mbale. Alilia. Alisema dhambi iliyofichwa humwozesha mtu, na kwamba hajawahi kukaa mbele ya wenzake na kitu moyoni. Nikamwambia kwa hasira aende basi akaniuze. Aliniletea uji, na aliutia sukari, nami nilijua sukari ilivyokuwa adimu.

Jumapili wakajaa sebuleni. Ukuta ulikuwa mwembamba, nikasikia kila neno. Nilimtambua Gaster, kiongozi wao, askari magereza mwenye sauti nzito. Askari wa serikali, hatua tano kutoka nilipojikunyata. Vumbi la mihogo likanipanda kooni. Niliuma kanga kwa nguvu zangu zote, na kikohozi kikanitoka vilevile, kidogo.

Hapo Topista akasimama.

"Mimi nimefanya dhambi," alisema. "Kutaja, siwezi."

Wakaanza kumuuliza wote pamoja: dhambi gani, na nani, lini? Gaster akawakatiza.

"Dada Topista, enda kaa mulangoni, kwa viatu. Na mutu asimuulize tena mpaka siku yeye ataitaja mwenyewe."

Nilimchukia Gaster tangu saa ile kwa kumtenga hivyo. Nilimchukia ndani ya lori la Masaba, nikamchukia Mbale, na nikaendelea kumchukia Bungoma kwa karibu miaka mitatu.

Serikali ile ilipoanguka nilirudi Jinja. Ilikuwa Jumapili, nikaenda moja kwa moja. Topista alikuwa amekaa chini katika nyumba yake mwenyewe, mlangoni, kati ya viatu vya wageni. Alikuwa amekonda. Miaka yote hiyo hakuwa ameitaja, asije akamponza Masaba. Gaster alikuwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Sikungoja kukaribishwa.

"Dhambi ya huyu mama ni mimi," nilisema. "Alidanganya wanajeshi ili niishi. Aliniokoa. Na kama neno hilo lina mwenyewe, mwenyewe aje aniulize."

Topista alijifunika uso. Gaster akasimama, nami nikajiandaa kwa mahubiri.

"Siku ile nilisikia kikohozi," alisema polepole. "Nilijua si ya panya. Nikaogopa watu watauliza Topista mpaka aseme, ndiyo nikamufukuza mulangoni. Kesho yake wakubwa wakaniuliza kama Mafubira iko Mkenya. Nikasema hapana. Dhambi hiyo nimekaa nayo kwa hii kiti, na yeye amekaa chini."

Alikuja mpaka mlangoni, akasukuma viatu kando, akaketi sakafuni. Topista akajisogeza kumpa nafasi. Mimi niliyekuja na hasira ya miaka mitatu nikabaki nimesimama katikati ya sebule, sina wa kumpa.